Wiki ya Kuhamisha Vyerehani Viwili

Jumapili

Nimeingia Nairobi jioni, mgongo unauma na kashata za nazi zimepasukia ndani ya begi. Treni ya siku hizi kutoka Miritini haikupi hata nafasi ya kulala vizuri. Ile ya zamani ilitoka Mombasa jioni, ukaamka kesho yake kwenye nyika na twiga dirishani, ukafika saa yoyote Mungu aliyopenda. Ilikoma mwaka 2017 hii mpya ilipokuja. Hii mpya ina haraka, lakini inakumwaga Syokimau, nje ya mji, halafu unatafuta treni nyingine ya kukufikisha stesheni ya zamani. Nimepanda hiyo nyingine, na sikujuta. Ni kuingia Nairobi kwa mlango wake wa mbele.

Mji huu haukuzaliwa kama wetu. Mombasa ina misikiti na makaburi ya karne nyingi, kila mtaa una wenyewe. Nairobi ilizaliwa na reli. Mei 1899 vyuma vilifika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikijua kwa maji yake ya baridi, wahandisi wakaona pametandazika, pazuri pa kupanga mabehewa kabla ya kuanza kupanda milima. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ikayahamisha makao yake makuu kutoka kwetu ikayaleta huku. Bibi yangu mpaka anaingia kaburini aliuita mji huu "kambi". Ukimwambia kuna maghorofa, anakujibu, "Hata kambi hujengwa ghorofa."

Nimeitwa na Mjomba, ndugu wa mama, fundi cherehani. Alikuja Nairobi mwaka 1978, na tangu 1981 anashona kwenye chumba kimoja, jengo moja, katikati ya mji. Jengo limeuzwa. Mwenye nyumba mpya ametoa notisi ya siku 90, na siku zilizobaki ni sita. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "wewe si ndiye wa majumba ya zamani? Basi njoo lizike hili."

Kazi yangu ni kuwatembeza wageni Mji wa Kale. Milango, mabaraza, Fort Jesus. Kwa hiyo neno lake lilinichoma kidogo.

Jumatatu

Duka liko nyuma ya Biashara Street, ile barabara ya khanga, vitenge na nguo za watoto wachanga, ambayo wazee bado huiita Bazaar. Nimekwenda mapema kabla halijajaa watu, ili nilitazame jengo kama ninavyotazama nyumba za kwetu: kwanza kutoka ng'ambo ya barabara, halafu karibu, halafu kwa mkono.

Kutoka ng'ambo, ni ghorofa moja tu juu ya maduka. Kuta ni za jiwe la kijivu la kuchonga, lile linalochimbwa pembezoni mwa Nairobi. Paa ni la vigae vyekundu vilivyokuja kwa jahazi na meli kutoka Mangalore, na pale vilipovunjika wamepachika mabati. Juu ya paa la mbele kuna kikuta cha urembo, katikati kimeandikwa mwaka kwa lipu iliyotuna: 1934. Ile 4 imeng'oka mguu, ukiwa na haraka utasoma 193 na kitu kama mkia wa mjusi. Chini ya mwaka palikuwa na jina la familia iliyojenga. Mtu amelikwangua, sijui lini, sijui kwa nini, lakini herufi zimebaki kama kovu.

Kwa karibu, ghorofa ya juu imetokeza mbele na kubebwa na nguzo, ikaacha chini yake kibaraza kirefu cha wapita njia. Sisi kwetu baraza ni pa kukaa. Huku kibaraza ni pa kupita, ila watu wamekigeuza kuwa pa kukaa vilevile: muuza mitumba ya tai, kijana wa kadi za simu, mzee anayechonga mihuri ya mpira.

Kwa mkono: mlango wa mvule wa mabawa manne unaokunjwa, bawaba za shaba. Sehemu ya kushikia imelainika hadi inateleza kama tasbihi. Ndani dari iko juu sana, na chini ya dari kuna matundu ya hewa. Mjomba hana feni. Hajawahi kuwa nayo. Sakafu ni saruji nyekundu, imepigwa nta miaka nenda miaka rudi, na mbele ya dirisha ina vidimbwi vinne vidogo ambamo miguu ya chuma ya cherehani lake kubwa, Singer ya kukanyaga, imekaa tangu 1981. Nimetia kidole kwenye kimoja. Kimeingia mpaka kwenye ukucha.

Halafu nikakaa kwenye kigoda kutwa nzima, nikifungasha vitambaa na kutazama watu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo miaka yote ninayowatembeza wageni sikuwahi kuwaeleza sawasawa.

Saa nne ameingia mzee wa makamo, mwanawe anaoa. Anataka suti. Mjomba amempima, akamwandikia vipimo kwenye karatasi ya sigara, akamtuma duka la kitambaa la upande wa pili. Mzee amerudi na mita tatu na nusu. Bitana na pamba ya mabega imetoka chumba cha pili. Vifungo vimetoka kwa mama wa vifungo aliye chini ya ngazi, mahali ambapo kwa kweli si duka, ni tumbo la ngazi. Amepanga vifungo katika vikopo vya Blue Band na anajua kila kikopo bila kufungua. Mzee akakumbuka kadi za harusi, akapanda juu kwa mchapaji, ambaye bado ana mashine ya kukanyaga yenye herufi za risasi pembeni ya kompyuta yake. Wakati anasubiri akampa saa yake yule fundi saa wa mlangoni, imekuwa ikichelewa. Suti ikiisha itapigwa pasi ya mkaa uani na kijana mmoja Mkamba ambaye hana mshahara, analipwa kwa nguo.

Nimehesabu. Mteja mmoja, na kabla hajatoka kwenye kivuli cha lile jengo, pesa yake imepita mikono sita.

Mjomba hulipa kodi 22,000 kwa mwezi. Mama wa vifungo hulipa 6,000 kwa tumbo lake la ngazi. Kodi hizo zinawezekana kwa sababu moja tu: jengo lilikwisha kulipiwa zamani. Aliyelijenga mwaka 1934 alirudisha pesa yake kabla mama yangu hajazaliwa. Jengo jipya lina mkopo wa benki, na mkopo haumjui mama wa vifungo.

Nilipomwambia Mjomba hesabu yangu, hakuinua kichwa kwenye mshono. "Sasa umeona baada ya siku moja. Mimi nimewaeleza miaka 40, wananiambia hilo ni gofu."

Jumanne

Leo tumetembea kutafuta chumba. Miguu yangu!

Dalali wetu ametupeleka majengo matatu, yote ya aina moja: duka la zamani lililokatwakatwa kwa mbao na vioo kuwa vibanda, ile biashara wanayoita egzibisheni. Kibanda cha kwanza kilikuwa futi sita kwa tano. Mjomba ameingia na futi yake shingoni, akapima, akatoka. "Cherehani litaingia. Mimi nitakaa wapi?" Cha pili kiko ghorofa ya nne, na lifti imewekewa karatasi ya "haifanyi kazi" ambayo yenyewe imeanza kuwa ya manjano. Wateja wa Mjomba ni wazee wa kanzu na maimamu. Hawapandi ngazi hizo. Cha tatu kilikuwa chini, kizuri, penye mwanga, na kabla ya kodi wanataka gudwili shilingi laki nne. Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga ambaye hajui: gudwili ni pesa ya kumshukuru mwenzio kwa kutoka ili wewe uingie, wala hairudi.

Dalali si mtu mbaya. Alisema wazi, "Mzee, hesabu ya mwenye nyumba ni rahisi. Pale pako pana ghorofa moja, na sheria ya mji inamruhusu ghorofa nyingi. Yeye anaona hewa juu ya paa lako, na ile hewa ni pesa inapotea." Nimelifikiria neno hilo siku nzima, maana ni kweli. Anayelinda jengo la zamani analipa peke yake, na wanaofaidika ni wengi na hawamlipi.

Tumepita Kenyatta Avenue, Mjomba akanionyesha Kipande House. Lilijengwa 1913, jiwe lilelile la kijivu, na mnara mdogo pembeni. Leo ni benki, watu wanaingia kutoa pesa na kutoka wakihesabu. Jina limetokana na kipande, ile hati ya kazi ambayo mwanamume Mwafrika alilazimika kuibeba tangu mwaka 1920 hivi, ina alama za vidole na jina la tajiri wake, imefungwa kwenye kikebe cha chuma kinachoning'inia shingoni. Humu ndimo wengi walimoandikishwa. Mjomba alipokuja Nairobi alipanga chumba Pumwani kwa mzee mmoja aliyewahi kuvaa kikebe hicho. Mzee alikuwa na pesa, lakini alikataa katakata kufungua akaunti pale. Alisema, "Walichukua vidole vyangu humo, sasa niwapelekee na pesa?"

Ninawaza: kama lingebomolewa likajengwa la vioo, benki ingebaki benki. Lakini neno la yule mzee lingekosa mahali pa kusimama.

Tumekula mihogo Jeevanjee Gardens, tukizungukwa na wahubiri wa saa ya chakula cha mchana, kila mmoja na mti wake. Bustani hii A. M. Jeevanjee, yule tajiri aliyefanya biashara na reli, aliitoa kwa watu wa mji mwaka 1906. Mwaka 1991 ilitaka kugeuzwa jengo la ghorofa na maegesho, na mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete pamoja na wengine, Wangari Maathai akiwamo, mpaka mpango ukafa. Nimemuuliza kijana aliyelala kwenye nyasi karibu yangu kama anaijua habari hiyo. Amesema hapana, halafu akauliza, "Wangejenga, mimi ningelala wapi?" Sina la kuongeza.

Maktaba ya McMillan tumeiona kwa nje. Nguzo ndefu, ngazi, na simba wawili wa mawe ambao watoto wamewapanda hadi migongo inang'aa. Ilifunguliwa 1931, Lady McMillan akimkumbuka mumewe, bwana mmoja mnene ambaye alipokufa walimpandisha Ol Donyo Sabuk kumzika kileleni, wakashindwa njiani wakamzika mteremkoni. Maktaba ilikuwa ya Wazungu tu hadi 1958. Ina sheria yake yenyewe tangu 1938.

Jumatano

Mvua kutwa. Hatukufanya chochote cha maana.

Ila niandike hili. Saa kumi jioni, mvua ilipozidi, watu wote wa barabara ile walikimbilia chini ya kibaraza chetu. Nimewahesabu 60, nikaacha. Muuza tai aliuza tai nne. Mama wa vifungo aliuza mwavuli ambao sikujua kuwa anao. Upande wa pili kuna jengo jipya la vioo, mbele yake hakuna hata mtu mmoja, maana limejengwa hadi ukingoni na maji yanateremka kwenye vioo moja kwa moja hadi shingoni mwa mpita njia. Hakuna anayelipa kodi ya kibaraza wakati wa mvua. Haiandikwi popote.

Usiku, nyumbani kwa Mjomba, amekuja binamu yangu anayesomea usanifu wa majengo. Tumekula pilau, tukabishana. Yeye alinieleza ya New York. Mwaka 1963 walianza kubomoa stesheni yao kubwa ya Pennsylvania, watu wakalia baada ya kubomolewa, na mwaka 1965 mji ukatunga sheria ya kulinda majengo. Walipotaka kujenga mnara juu ya stesheni nyingine, Grand Central, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na mwaka 1978 mji ukashinda. Lakini ujanja wenyewe ni huu, alisema: mwenye jengo lililolindwa ana haki ya kwenda juu ambayo hawezi kuitumia pale, basi anaruhusiwa kuiuza kwa mwenye kiwanja kingine. Hewa yake inanunuliwa, na jengo linabaki.

"Basi wamuuzie huyu hewa yetu," alisema Mjomba.

"Hapa kwetu tuna sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi," binamu akajibu. "Waziri anaweza kutangaza jengo katika Gazeti la Serikali likawa la kulindwa. Lakini kutangaza si kulipa."

Hapo nami nimekiri kitu ambacho huwa siwaambii wageni wangu. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na hilo limetuokoa. Bila hilo milango yote ingekuwa Ulaya. Lakini nyumba zinaendelea kuanguka, taratibu, kwa mvua na kwa mirathi: warithi 17, paa moja, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kutoa pesa. Kibali cha hifadhi hakizibi paa.

Alhamisi

Kuna fundi mwashi mmoja, mtu wa Lamu, anaishi Majengo, hukohuko Pumwani, karibu na Mjomba. Umri umemla lakini mikono bado. Nimemchukua kwa bodaboda kwenda kulitazama jengo, kwa sababu mwenye nyumba mpya alitoa barua kwamba "kuta zimechakaa, ni hatari". Nilitaka kujua kama ni kweli au ni kisingizio.

Hakusema kitu kwa nusu saa. Alipita na timazi yake ukutani, akasimama, akaona kamba imelala sawa. Akafika kwenye kona ya nyuma ambapo jiwe limebanduka magamba kama samaki, na maji yameacha chumvi nyeupe. Akatoa mwiko, akakwangua.

"Njoo, mwanangu. Huu ni ugonjwa wa kununua." Akanionyesha: mawe yameunganishwa kwa udongo wa chokaa, laini, unaweza kuukwaruza kwa ukucha. Juu yake mtu, si zamani sana, amepaka saruji ngumu. "Chokaa inapumua. Maji yakiingia ukutani yanatokea kwenye chokaa. Ukiziba kwa saruji, maji yanatafuta njia nyingine, yanatokea kwenye jiwe lenyewe, na jiwe linakatika uso. Aliyeweka hii alidhani anatengeneza. Ukuta wenyewe hauna neno. Ondoa saruji, rudisha chokaa, tengeneza mfereji wa paa. Watu wanne, wiki sita."

Nikamuuliza gharama. Alinitajia, nikaona si haba lakini si ya kutisha, halafu akaongeza jambo ambalo nimelikariri njia nzima ya kurudi: karibu pesa yote hiyo ni ya mikono. Chokaa, mchanga, na watu. Jengo la vioo, alisema, vioo vinakuja na meli, lifti inakuja na meli, alumini inakuja na meli. "Fundi wa hapa anabaki kubeba zege." Ana wanafunzi? Hapana. Alikuwa naye mmoja, amekwenda Qatar.

Alasiri, kwa kuwa tulikuwa tumesharudi Eastlands, upande wa mashariki wa mji, nimekwenda Kaloleni kuona maktaba. Ni tawi la ile McMillan, ndogo, katikati ya mtaa uliojengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika waliofanya kazi mjini. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017 na Wanjirũ Koinange na Angela Wachuka, limelikarabati. Hakuna nguzo wala simba. Kuna watoto. Waliketi wawiliwawili kwa kiti kimoja, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anamsahihisha kabla neno halijaisha. Rangi ni mpya, madirisha ni yaleyale.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba habari ya majengo ya zamani ni habari ya wenye mawe tu. Lakini nilivyorudi Majengo kwa miguu, nimepita nyumba za Kiswahili ambazo Mjomba anasema zilikuwapo kabla yake: ukumbi wa kati kutoka mlangoni hadi uani, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, kuta za udongo na fito, mabati juu. Nyumba kama za kwetu, zimesafiri na watu. Pumwani ulianzishwa mapema miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika, na wanawake wengi walijenga humo nyumba zao wenyewe, wakapangisha vyumba, wakasomesha watoto kwa kodi. Nani atazitangaza hizo kwenye Gazeti la Serikali? Zikianguka hakuna anayepiga picha. Mimi mwenyewe simu ilikuwa mfukoni.

Ijumaa

Swala ya Ijumaa Jamia, pamoja na Mjomba, yeye upande wa wanaume. Msikiti ulikamilika 1933, mwaka mmoja kabla ya jengo letu, na Mjomba anaapa kwamba mafundi ni walewale. Hana ushahidi wowote. Kuba za fedha, minara miwili, na kuzunguka ua wake kuna maduka ambayo kodi zake ni za msikiti. Wakfu huo ndio unaoshika paa. Nimeona hapa hawakuhitaji New York.

Jioni nimekwenda peke yangu mpaka mbele ya hoteli ya Norfolk, ya mwaka 1904. Imepakwa rangi vizuri, wageni wanakunywa chai kwenye veranda, na historia ni sehemu ya bei ya chai. Hapo jirani, Machi 1922, watu walikusanyika kudai Harry Thuku aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume aibu kwa kupandisha nguo yake, askari wakapiga risasi, na zaidi ya watu 20 wakafa. Barabara ina jina la Thuku. Jina la Nyanjiru nimeliuliza kwa watu watatu waliokuwa wanapita. Askari wa mlangoni alilijua, tena kwa hadithi ndefu. Wanafunzi wawili hawakulijua.

Jumamosi

Tumehama.

Asubuhi saa moja tumekuta msimamizi wa mwenye nyumba mpya ameshafika, ana daftari. Mtu mpole, amenisalimia "shikamoo mama" ingawa nadhani ananizidi umri. Alikuwa anaorodhesha. Vigae vya Mangalore: vina mnunuzi, nyumba mpya inajengwa Karen, mwenyewe anataka paa lenye sura ya zamani. Milango ya mvule: mnunuzi wa samani. Bawaba za shaba: kwa uzito. Mawe ya kuchonga: yatauzwa kwa lori, ya ukuta wa ua. Hata mbao za ngazi, ambazo mama wa vifungo amekaa chini yake miaka 19, zina bei. Kila kitu kilikuwa na bei pembeni yake kwa kalamu nyekundu.

"Na likiwa zima ni bei gani?" nimemuuliza.

Akacheka kwa heshima. "Likiwa zima ni kiwanja tu, mama."

Singer imebebwa na watu watatu. Ilipotoka, vile vidimbwi vinne vimebaki vinatazama juu, kimoja kina pini ya mwaka gani sijui. Mjomba aliiokota akaichomeka kwenye ukosi wa shati. Cherehani dogo la umeme nimelibeba mwenyewe. Mchapaji alisaidia kusukuma mkokoteni, naye anahamia Kirinyaga Road. Fundi saa hajapata. Mama wa vifungo alikuwa anafunga vikopo kwa nailoni, kimoja kimoja, na alikataa kusaidiwa kwa sababu angechanganya.

Chumba kipya si chumba. Ni ukumbi wa nyumba ya Kiswahili kule Majengo, ya yule mzee wa kikebe, ambayo sasa ni ya bintiye. Kodi, Mjomba amemwambia huyo binti atamlipa wakijua mwezi unaendaje. Tumeliweka Singer karibu na mlango ili lipate mwanga. Sakafu ni ya udongo uliopigwa saruji nyembamba, haiko sawa, na cherehani likawa linayumba. Mjomba alikunja kadi ya harusi mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa nyuma, akakanyaga. Likatulia. Akaanza kushona kanzu ya mtu, kola, kama vile alikuwa ameondoka kwenda msalani tu.

Simu ililia. Yule mzee wa suti, amefika mjini kuijaribu, yuko Biashara Street.

"Unapaona pale penye kibaraza?" Mjomba alisema, uzi mdomoni. "Eeh, palepale penye mwaka juu. Simama hapo hapo, usiende popote. Nakutumia kijana."